Mchicha Uliokwenda Mabibo na Kurudi

Mpaka leo nikikumbuka nashika kichwa. Nilikuwa napika chakula cha mchana cha shule moja huku Pugu, na wiki ile mvua ilikuwa haina adabu. Kila alfajiri nilikwenda sokoni Mabibo kufuata mboga, na kila siku nilirudi nimechelewa, barabara imejaa maji na magari yamesimama. Watoto wakawa wanakula saa tisa. Mwalimu mkuu akaniita pembeni, akaniambia nikichelewa tena kazi anampa mwingine. Kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa inaniweka mjini.

Kesho yake nilirudi na kiroba cha mchicha, nimelowa chapachapa, nikakaa barazani kuuchambua haraka haraka. Jirani yangu, bibi wa Kizaramo aliyezaliwa hapahapa, akapita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu." Akasimama. Akaokota kamba niliyofungua kwenye fungu moja, kipande cha chandarua cha bluu. "Mchicha huu umeutoa wapi?"

"Mabibo."

"Mbona wangu huu? Chandarua hiki nimekichana mwenyewe jana."

Nikaiangalia ile kamba, nikamwangalia yeye. Bustani yake naijua, iko bondeni nyuma ya ukuta wangu, ila nilidhani ni ya kula nyumbani. Kumbe kila alasiri mchuuzi wa pikipiki anaubeba mchicha wote hadi Mabibo, nami naufuata huko kwenye mafuriko na kuurudisha palepale ulipoota.

Siku hiyo niliponea chupuchupu, chakula kikawahi. Nilipotoka shuleni nikaenda kumwomba bibi aniuzie wa kesho. Alinitazama kama nimemtukana.

"Mie nikuuzie wewe mboga? Jirani yangu? Watu watanionaje? Chuma unachotaka, uondoke."

Nitachumaje bure, kila siku, mboga ya shule nzima, kwa mjane anayeishi kwa bustani hiyo? Hapo nikashtuka upya. Yeye anaona haya kuniuzia, mie naona haya kupewa, na kwa heshima zetu hizo watoto wa watu wanashinda na njaa. Nilibembeleza, nikakasirika, nikabembeleza tena. Hakunielewa, na nadhani hata leo hanielewi.

Mchuuzi alipofika, bibi akamuuzia kama kawaida, akaingia zake ndani. Nikamwahi mchuuzi hapohapo mlangoni kwa bibi, pikipiki inaunguruma, nikanunua mchicha wote. Faida yake nikamlipa, ingawa mzigo ulikuwa haujatoka hata uani.

Kesho yake watoto walikula kwa wakati, mwalimu mkuu akaniitikia salamu vizuri. Jioni bibi akanipitia, akaniambia amefurahi kusikia siendi tena Mabibo na mvua hizi, na kwamba yule mchuuzi ni mtu mwaminifu, nisimwache.