Viatu Vilivyoenda Kuchumbia

Juzi, ku posta ya Kasongo, karani alimusomea muchumba mumoja kwa sauti barua ya wakwe zake wa Kabambare: “Foto imefika. Viatu tumevikubali. Mwenye kuvivaa iko wapi?”

Muchumba akageuka, akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. “Huyu ndiye amenikata kichwa! Wakininyima binti yao, ni yeye!”

Mimi, ambaye toka hapa mpaka Nyangwe hakuna anayenizidi kwa kupiga foto! Siku ile ya foto ni yeye aliyenichosha: “Yaya, mukubwa wangu, viatu ni vipya, vionekane!” Si vimeonekana mpaka kamba?

Napiga foto kwa raha yangu, lakini watu hawa wanaitia uchungu. Basi, nimemupiga foto tena, kichwa peke yake. Wakwe wataunganisha wenyewe.