Kucha za Mwanasiti

Siku tuliyomwosha Mwanasiti ninaikumbuka kwa mikono kuliko kwa kichwa, mwanangu, kwa hiyo nikikosea jambo dogo hapa unisamehe. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, na daftari hili nimelianza na kuliacha mara nyingi. Lakini umeniambia kwamba unataka kuingia katika kazi yetu ya kuosha maiti wa kike hapa kijijini, na kabla sijakufundisha kukata sanda ni lazima ulijue hili.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Mwanasiti alikuwa na ishirini na miwili, mke wa Rashidi mkata mawe, na walikuwa wakikaa ndani huku, juu ya Msambweni, karibu na timbo wanakochimba mawe ya kujengea. Asubuhi moja alikutwa chini ya timbo, ameshakufa. Rashidi alisema mkewe alitoka alfajiri kuchota maji, akapita ukingoni, akateleza. Umande ulikuwa mwingi, na ukingo ule ulikuwa umeshaangusha mbuzi zaidi ya mmoja. Watu waliamini. Mimi pia niliamini, na sitasema leo kwamba nilishuku, kwa sababu sikushuku. Hakuna aliyepiga simu polisi. Ikasemwa azikwe adhuhuri.

Mwoshaji wetu mkubwa alikuwa Bi Mejumaa, ndiye aliyenifundisha. Magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua, basi siku ile aliniambia niongoze mimi, yeye akae kwenye kigoda animiminie maji. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuongoza. Nitakuambia kweli, nilifurahi, hata pale mbele ya maiti. Nilitaka wanawake waliokaa uani waseme kwamba Mishi ana mkono mwepesi.

Tulipofika kwenye mkono wa kulia nikaona kucha mbili zimevunjika, na chini ya nyingine kuna kitu cheusi-chekundu kilichokauka. Bi Mejumaa akaacha kumimina.

"Mishi, hebu ngoja," akasema. "Mtu akiteleza hushika mawe. Hii mbona kama ngozi?"

"Bi, wanaume washaleta jeneza. Tusimcheleweshe mwenzetu."

"Jeneza halina miguu, litangoja."

Nikacheka kidogo kwa adabu, nikachukua kijiti, nikasafisha kucha moja moja kwa maji ya majani ya mkunazi, kama alivyonifundisha mwenyewe. Kilichotoka kikaingia kwenye shimo la maji chini ya kitanda, na shimo likafukiwa. Yeye akaendelea kumimina. Pengine aliona nimeshamaliza, pengine hakutaka kuniaibisha mbele ya watu. Sijui, na sasa hayupo nimuulize.

Siku ya nne mama yake Mwanasiti, Bi Riziki, aliyekuwa akiuza viazi vya karai pale Kona ya Musa, alikwenda polisi. Jirani alikuwa amemwambia kwamba jioni ya kuamkia msiba alimsikia Rashidi na mkewe wakigombana. Tena watu waliona kwamba Rashidi ana mistari mitatu shingoni. Mwenyewe alisema ni miiba ya mchongoma, alikuwa akifyeka ua, na kweli ua wake ulikuwa umefyekwa. Mahakama ikaamuru kaburi lifunguliwe. Daktari akasema Mwanasiti alinyongwa kabla ya kuanguka. Rashidi akatiwa rumande.

Askari waliponiuliza niliona nini, nilisema sikuona kitu. Sikusema hivyo kwa kumlinda Rashidi. Sisi tumefundishwa kwamba mwoshaji hasemi alichokiona kwenye mwili wa maiti, ni amana, nami nikaishika amana hiyo kwa nguvu kwa sababu ilikuwa inanifichia na kosa langu. Shehe wetu alipopata habari aliniita barazani kwake. Hakunikemea. Alinieleza taratibu kwamba amana ile ni ya kusitiri aibu ya maiti, kovu lake au kilema chake, na kwamba dhuluma aliyotendewa mtu haiwezi kuwa aibu yake. Nikarudi kituoni nikaeleza yote.

Kesi ilisikizwa Kwale. Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa maabara ya serikali, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Nakuandikia maneno yake kwa kadiri nilivyoyaelewa. Alisema kila mtu ana kama maandishi ndani ya mwili wake, nusu ameyapata kwa mama na nusu kwa baba. Ndiyo hivyo vinasaba, au DNA kama mnavyosema. Yamo kwenye ngozi, damu, mate na shina la unywele, na popote utakapoyachukua kwa mtu mmoja ni yale yale. Hayalingani na ya mtu mwingine, ila kwa mapacha wa kufanana. Wao hawayasomi yote. Huangalia sehemu chache ambazo watu hutofautiana sana, wakalinganisha na mate ya mtu waliyofuta ndani ya shavu kwa pamba. Sehemu zikipingana, mtu huyo si mwenyewe. Zikilingana zote, hupiga hesabu waone ni nadra kiasi gani mtu mwingine kulingana namna hiyo.

Mate ya Rashidi walikuwa nayo. Aliomba mwenyewe apimwe, hilo niliandike wazi. Kilichokosekana ni kitu cha kulinganisha nayo. Kucha zilikuwa safi.

Kanga aliyofia Mwanasiti ilipelekwa pia. Lakini Bi Riziki alikuwa ameikumbatia siku zote nne, hakuiachia hata akilala. Sote tulifutwa mashavu, na kwenye kanga zikapatikana alama za Bi Riziki, zangu mimi niliyemvua marehemu, na za Rashidi. Mwendesha mashtaka akauliza kama hizo za Rashidi zinaonyesha kwamba ndiye aliyeua. Yule mama akasema hapana, huyo ni mume, wamelala kitanda kimoja. Kipimo kinaweza kusema alama ni ya nani, hakiwezi kusema ilifika lini wala kwa nini. Ila ngozi na damu chini ya kucha za mtu aliyenyongwa, akasema, hiyo ingekuwa habari nyingine. Akasema hivyo bila kunitazama, nami nikaona kama mahakama nzima inanitazama.

Ilipofika zamu yangu, wakili wa Rashidi aliniuliza nilijuaje kama ni ngozi na si udongo mwekundu wa njia ya timbo. Nikamjibu kwamba sijui. Jamaa za Mwanasiti walinung'unika, walitaka niseme ninajua. Nilikuwa sijui, mwanangu, na hata leo sijui.

Rashidi alikaa rumande zaidi ya miaka miwili, kisha akaachiliwa, ushahidi haukutosha.

Nilikwenda kwa Bi Mejumaa nikitafuta wa kunipoza. Nikaanza na shikamoo, hakuitikia marahaba.

"Usiniheshimu leo, Mishi," akasema. "Siku ile nilikuambia neno moja tu, ngoja. Hapo ndipo nilipoitaka heshima yako."

Bi Riziki akaja kwangu mwenyewe. Aliniuliza kilikuwa kingi kiasi gani. Nikamwambia kilijaa kucha tatu.

"Na wewe ukakimwaga."

"Nilikimwaga, mama."

"Basi nitakufa nikimchukia mtu ambaye pengine hakumgusa mwanangu," akasema. "Au nitakufa nikiitikia salamu ya aliyemuua. Haya, Mishi, niambie nifuate lipi."

Wiki haikuisha, Rashidi naye akaja. Nilimkaribisha kiti, akakataa kukaa. Alisema anahamia Mackinnon Road kupakia malori, kwa sababu hapa mtu akimwona kwenye karamu huondoa mkono kwenye sinia.

"Zile kucha zisingesafishwa," akasema, "leo ningekuwa huru kweli, au ningekuwa mfungwa kweli. Hivi nilivyo sasa ni nini, Bi Mishi?"

Kuna wanaosema aliomba kupimwa kwa kuwa alijua kucha zimeshasafishwa. Kuna wanaosema mwenye damu mikononi hathubutu kuomba. Nimezipima kauli hizo mbili kwa miaka na zote zinaweza kuwa kweli. Katika daftari hili sijaandika kwamba aliua, wala kwamba hakuua, na ninakuomba nawe usiseme.

Bi Riziki alipofariki aliacha wasia kwamba nisimwoshe mimi. Nilikaa uani pamoja na wanawake wengine, nikasikia maji yakimwagika ndani.

Sasa nasaha yangu, uishike. Kabla hujagusa maiti yeyote, uliza alikufaje na nani alimwona. Ukiona jeraha usilolielewa, kucha zilizovunjika, au alama shingoni, weka chini kata ya maji. Usisafishe, usikate kucha, usimvue nguo, usipige chafya juu yake. Toka nje uwaambie wakubwa waite polisi, na kama watakukasirikia waache wakasirike. Nguo iliyolowa damu usiifue wala usimpe mtu aikumbatie. Isiguswe mpaka waje wenye kazi yao, maana wao huianika ikauke, wakaitia kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa ndani ya nailoni huoza na kila kilichomo hupotea. Ukiulizwa, sema ulichokiona bila kuongeza. Usipojua, sema hujui. Na mwenzako akikuambia ngoja, ngoja, hata kama uani wanakusifu kwa wepesi wako. Kuharakisha maziko ni jambo jema, lakini saa chache za kumtafutia maiti haki yake haziivunji heshima yake, na shehe alinithibitishia hivyo.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mpole na moyo usioogopa macho ya watu. Akukinge na kazi utakayoijutia mpaka uzeeni. Na kila utakayemwosha, amjaalie aondoke mikononi mwako na haki yake yote. Amin.