Salama Alipewa Matumbawe, Mimi Majani

Keti nikusimulie, wewe unayesomea viumbe wa bahari na makazi yao. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha, na wivu ndio ulionisindikiza tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo tuliripoti wawili kwenye kituo cha utafiti wa bahari, mimi na Salama, niliyesoma naye chuo kimoja. Kituo kilikuwa na nafasi moja tu ya mafunzo ya kuzamia kwa mtungi wa hewa. Niliitaka mno. Mkuu wa Kituo aliitikia shikamoo zetu, akatutazama kama anayechagua samaki sokoni Ngamiani.

"Salama utazamia kwenye matumbawe. Wewe, binti, utapima majani ya bahari kule Tongoni."

"Kwa kuzamia, mkuu?"

"Kwa miguu. Maji yakitoka, unaingia."

Salama akaninong'oneza, "Usinune, shoga. Tope linalainisha ngozi."

Nilinuna miaka. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, nilinyoosha kamba juu ya tope, nikalaza fremu ya mraba hapa na pale, nikakadiria majani yamefunika kiasi gani ndani yake. Humo majanini ndimo hujificha samaki wachanga kabla ya kuhamia kwenye matumbawe. Nilipohamishiwa Moa, mambo yakawa yaleyale. Wageni wakija kituoni walioneshwa picha za Salama, samaki wa kila rangi wamemzunguka kama bibi harusi. Nikasema moyoni: samaki nimelea mimi, sifa anakula yeye.

Tukastaafu. Juzi kaja nyumbani. Masikio yanamsumbua, daktari kamkataza kuzamia.

"Nipeleke Tongoni, shoga. Nilikuwa nikikuonea wivu, basi tu."

"Wewe? Mimi?"

"Wewe ulifanya kazi huku unapiga soga na kina mama waokota chaza. Mimi kule chini niongee na nani?"

Ungedhani nilifurahi. Wivu ulinipanda upya: kala matumbawe, sasa anataka na majani yangu! Hata hivyo nilimpeleka. Akaingia kwenye maji ya kina kifupi kwa mikogo, akinyanyua miguu juu juu.

"Simama! Utamkanyaga samaki taa, akuchome kwa mwiba wa mkia. Hujifukia mchangani."

"Sasa nitembeeje?"

Katika maisha yetu yote, Salama hakuwahi kuniuliza jambo la bahari. Nikamwonesha taratibu, nikifaidi kila hatua.

Nawe shika hili: ukiingia kwenye majani, vaa viatu, usinyanyue miguu. Buruta nyayo polepole, taa akusikie, aondoke.