Mwanamke Aliyetundikwa Sebuleni kwa Kaari

Laiti yule mwanamke angekuwa mrembo, Kaari angemwelewa mumewe. Lakini hakuwa mrembo. Alikuwa na paji pana, pua ndefu, na midomo iliyobanwa kama ya mtu aliyekatazwa kucheka kanisani. Nywele alizificha ndani ya kofia nyeupe, na shingo haikuonekana hata kidogo kwa ile kola kubwa ya makunjo iliyomzunguka. Na bado Gedion, mwalimu wa sanaa wa sekondari, alimtazama kila jioni zaidi kuliko alivyotazama taarifa ya habari.

Picha ilifika nyumbani kwao Majimbo, mjini Embu, mwezi wa Agosti. Sista mmoja Mholanzi aliyeishi Kanja miaka mingi alikuwa amezeeka, anarudi kwao, akawa anagawa vitu vyake. Gedion akapewa nakala ya mchoro wa kale wa Uholanzi, imechapwa kwenye karatasi nzito na kutiwa fremu nyeusi. Mchoro wenyewe, alieleza, ulikuwa na miaka karibu mia nne. Hakuna aliyejua jina la mwanamke wala la aliyemchora.

"Kwa hivyo hata jina hana," Kaari alisema.

"Hana. Lakini mwangalie, Mama Rwamba. Si ni kama alitaka kusema kitu, akakimeza?"

Akasema hivyo huku akiishusha picha ya harusi yao ukutani. Ile ingekwenda chumbani, alisema, ambako jua halingeifuta rangi. Kwenye msumari uleule akamtundika Mholanzi.  Kaari aliingia jikoni akakoroga githeri, mahindi na maharagwe ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Tangu siku hiyo wakawa watatu nyumbani. Binti yao Rwamba alikuwa chuoni Meru, na kimya alichokiacha kilijazwa na sifa za mgeni. Mutembei, jirani na mzee wa kanisa, alipokuja kunywa chai, Gedion alimsimamisha mbele ya picha akamwonyesha jinsi mwanga ulivyotoka upande mmoja na kulala shavuni. "Ona mkono," alisema kwa sauti ya chini. "Huo mkono umefanya kazi." Kaari alikuwa amesimama pale na birika, mikono yake imepasuka kwa vumbi na kamba za magunia, na hakuna aliyeiona.

Kaari alikuwa mfanyabiashara wa ndengu. Siku za soko aliteremka Ishiara, kwenye joto la Mbeere, akanunua kwa wakulima, kisha akaja kuuza Embu. Huko Ishiara alikuwa na rafiki, Kajuju, muuza vitambaa, na huyo ndiye Kaari aliyemweleza habari za picha.

Kajuju alicheka mpaka akaketi juu ya gunia. "Kaari! Unaonea wivu karatasi? Wangu anaenda kwa mwanamke mwenye miguu. Huyo wa mumeo amefungwa kwa fremu, hata chai hawezi kumpikia."

"Ndiyo maana hamchoshi," Kaari alijibu. "Hazeeki, hagombi, hanuki jasho. Nitashindana naye na nini?"

Alisema kwa mzaha. Lakini Jumamosi iliyofuata alirudi nyumbani mapema, Gedion akiwa bado shuleni na wanafunzi wa mashindano ya uchoraji. Hakuvua hata kitambaa cha kichwa. Alipanda kiti, akaishusha ile picha, nia yake ikiwa kuisukuma nyuma ya kabati na kungoja aone atakavyoulizwa.

Kabla ya kuificha aliilaza mezani, karibu na dirisha. Alitaka angalau amchambue yule mwanamke mara moja, amtafutie kasoro. Akazipata. Ukingo wa macho ulikuwa mwekundu, kama wa mtu asiyelala vizuri. Pembeni mwa mdomo palikuwa na mkunjo, kidevu kimeanza kulegea, pete imembana kidole kilichonenepa. Unywele mmoja ulitoroka kwenye kofia, na huyo mchoraji akauona, akauchora!

Hapo ndipo wivu wa Kaari ulipogeuka, ukawa mkali zaidi. Hakuwa tena akimwonea yule mwanamke wivu kwa ajili ya Gedion. Alimwonea wivu kwa sababu kuna mtu aliyewahi kukaa mbele yake, akamtazama bila haraka, bila kumtuma maji wala kumwuliza chakula, asiache kitu, hata uchovu. Na uchovu wenyewe ukapendeza. Kaari aliona kwamba picha ilikuwa nzuri, na hilo lilimuuma.

Gedion alimkuta ameketi pale, viwiko mezani.

"Imeanguka?"

"Nimeitoa mimi. Baba Rwamba, simama hapo, mwangalie huyo wako. Usigeuke. Niambie, hapa kwa nyusi nina kovu. Liko upande gani?"

Gedion alicheka kidogo, akaona Kaari hacheki.  Nje, wanawake walikuwa wakiitana kwenye mfereji.

"Kulia," alisema hatimaye.

"Kushoto. Nililipata nikikatia ng'ombe wa mama yako nyasi. Wewe ndiye uliyenifunga kidonda."

Gedion aligeuka.  Alivuta kiti kando ya dirisha.

"Kaari," alisema. Miaka mingi hakuwa amemwita kwa jina lake. "Kaa hapa."

"Nimetoka soko. Nimejaa vumbi."

"Kaa hivyo hivyo."

Alikaa. Haikuwa rahisi kutazamwa. Alijikuna, akataka kuinuka kuangalia jiko, akaulizia shule. Gedion alichora, akafuta, akachana karatasi. Alizoea kusahihisha kazi za watoto na mkono wake ulikuwa umekufa ganzi. Jumapili baada ya ibada walirudia, na Jumapili iliyofuata pia. Mara Kaari alikasirika kwa sababu pua ilikuwa ya shangazi yake. Mara Gedion alisahau penseli hewani, akamtazama tu, na Kaari hakujua aweke macho wapi.

Mchoro uliopatikana mwishowe haukuweza kusimama na wa Mholanzi. Hata Kaari aliliona hilo, na halikumfurahisha. Waliutundika hata hivyo, mkabala na yule mwanamke, aliyekuwa amerudishwa kwenye msumari wake.

Mutembei alipokuja tena, alikuja na mkewe, Veronicah, mwanamke mwenye mashavu laini. Veronicah alisimama mbele ya mchoro mpya, akaweka mkono kifuani.

"Mwalimu! Kumbe unaweza hivi? Basi na mimi siku moja unichore."

Gedion alifungua mdomo.

"Mwalimu hana nafasi," Kaari alisema, akimmiminia mgeni chai. "Jumapili zote ana kazi."