Shubiri Moja ya Mchanga

Miaka haipigi hodi. Ilimpitia yule mchora mabango mmoja baada ya mwingine, kama mikono ya rangi juu ya ubao, kila mmoja ukiufunika uliotangulia, hata mtaa mzima ukawa umeandikwa kwa mkono wake: kinyozi, duka la dawa, fundi cherehani, mlango wa zahanati. Watu walimwita Fundi, basi. Mkewe alikuwa na tabia ya kumpangia kila mtu shughuli zake, kuanzia jirani hadi paka wa jirani, na kwa hiyo Fundi alimwita Kiranja. Waliishi pamoja miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyo yote walipumzika siku tatu tu.

Siku hizo tatu waliletewa na binti yao, muuguzi, aliyewakatia tiketi za basi, akawapangishia chumba karibu na ufuo, na akakataa visingizio vyote. Alasiri ya kwanza waliketi mchangani, jua likiwa migongoni mwao, na Kiranja akaanza kazi.

"Mtazame yule mzee wa watu. Wajukuu wamemfukia mpaka kifuani, naye anasoma gazeti tu."

"Kukodolea watu macho si adabu, mke wangu."

"Basi tazama kwa adabu. Na yule bibi mwenye viatu mkononi, unamwona? Kaja baharini kuyakimbia maji kama paka."

Ikawa hivyo siku zote tatu: Kiranja akionyesha, Fundi akitazama. Mwaka uliofuata Kiranja aliugua siku tisa, akarejea kwa Muumba wake. Nyumba ikabaki na Fundi, na ukimya ambao hakuna aliyempangia namna ya kuishi nao.

Katika umri wake wote Fundi hakuwa amechora picha isiyouza kitu. Alijua herufi, mikasi ya kinyozi, na jino moja kubwa la mganga wa meno. Lakini daktari wa macho alipomwambia kwamba jicho la kulia limekwisha na la kushoto limo njiani, alirudi nyumbani, akasukuma kabati la vyombo hadi ukumbini, akasimamisha sebuleni ubao wenye ukubwa wa mlango. Alikuwa na nia moja: kumrudisha Kiranja kwenye ule ufuo, angali na jicho la kumwonea.

Alianza juu, kama alivyozoea: mbingu, kisha bahari, kisha watu. Nao wakaja bila kubembelezwa. Akaja mzee na gazeti lake. Akaja bibi na viatu vyake. Wakaja wachumba wawili waliogombana chini ya mwavuli mmoja, na yule bwana mnene aliyekuwa akivuta tumbo ndani kila wanawake walipopita. Kila mmoja alikuwa hai, karibu aseme.

Kiranja hakuja. Mara tatu Fundi alimchora katikati ya wale watu, na mara tatu akamfuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Alikijua kibonyeo cha shavu lake, angeweza hata kukisimulia. Mkono ndio uliokataa. Ndipo akaujua msiba wake mwingine, uliokuwa umejificha nyuma ya ule wa kwanza: kwa siku tatu nzima pale ufuoni hakuwa amemtazama mkewe hata mara moja. Alikuwa ametazama kila alikoambiwa atazame.

Siku yake ya mapumziko binti alikuja, akaamkia, akatoa mkobani picha ya kitambulisho.

"Nimeileta, baba. Igeze hii."

Fundi aliisogeza karibu na jicho lake zima. "Huyu si mama yako. Huyu ni mama yako mbele ya serikali."

"Lakini sura ni yake."

"Alikataa kucheka kwa sababu mpiga picha alimwambia acheke. Irudishe, mwanangu."

Binti aliirudisha mkobani, akauzunguka ule ubao polepole, kisha akachutama.

"Baba, na huku chini? Umeacha shubiri nzima hujaigusa."

Fundi aliinama. Kweli, chini ya picha palikuwa na ukanda wa mchanga mtupu, umenyooka kama uliopimwa kwa rula. Miaka arobaini, katika kila bango, alikuwa akiacha shubiri moja chini, ijazwe mwisho. Safari hii mkono ulikuwa umeiacha wenyewe, bila kumwuliza.

"Nafasi ya namba ya simu," akasema.

"Simu ya nani? Ya bahari?" Binti alicheka mpaka akaketi sakafuni. "Anayetaka mawimbi apige kabla ya saa kumi."

Fundi naye akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Maana shubiri ile ndipo walipokuwa wameketi. Akakumbuka kwamba yeye, kwa haya zake, alikuwa ameinamisha kichwa siku zote tatu, na mbele ya miguu yao jua la nyuma lilikuwa limelaza kivuli cha Kiranja. Alikuwa akikifuata kidole cha kile kivuli kwanza, ndipo anyanyue macho. Hicho alikuwa amekitazama. Hicho mkono ulikijua.

"Nipe ile brashi nyembamba."

Alichora bila kusita: fundo la kitambaa cha kichwa limesimama kama sikio, bega, mkono umenyooshwa, na kidole kikivuka ile shubiri kuelekea kwa mzee wa gazeti. Kando yake, bega kwa bega, akaweka kivuli cha mwanamume aliyeinamisha shingo.

Binti alisogea karibu na ubao. "Ni mama," akasema. "Anamwamuru mtu."

"Ananiamuru mimi."

Uso hakuupata, wala hakuutafuta tena. Kila alasiri huketi mbele ya ubao kwenye kiti kifupi, vivuli vikianzia miguuni pake, na kando yake kuna kiti kingine ambacho mgeni haruhusiwi kukisogeza. Mwenyezi Mungu amrehemu Kiranja na ayapanue makao yake. Ambakishie Fundi nuru ya jicho lililosalia. Amlipe binti yao kheri kwa zile siku tatu, yeye na kizazi chake. Na awakutanishe wote mahali ambapo watatazamana nyuso, wala hakuna anayeondoka. Amina.