Ugomvi wa Kuimba

Verdelle Tisdale alikuwa akipiga pasi kwa dobi mmoja mtaa wa Harlem, New York, na Jumapili sauti yake nzito ilitetemesha madirisha ya kanisa. Akiwa bado msichana aliwahi kuchukuliwa kwenye kwaya ya opera mpya, ya Kimarekani hasa. Haikuwa na wafalme wala Kiitaliano. Ilikuwa na wapakuzi wa bandarini na wafua nguo, wakiimba maneno ya jirani zake. Haikudumu. Wapenda opera waliiona ya kihuni, wapenda vichekesho wakaiona ndefu. Verdelle akarudi kwenye pasi.

Miaka ikapita. Siku moja akaingia kijana mwembamba, Saul Brodkin, mtunzi wa muziki, na karatasi kwapani.

"Dada, nilikusikia kwenye ile opera. Nilirudi mara nne."

"Basi ulikuwa na hela za kuchezea."

"Sikuwa nazo. Nililala na njaa."

Alikuwa ametunga mchezo wa muziki kwa ajili ya kumbi za Broadway. Katika michezo mingi ya siku zile watu walizungumza, wakanyamaza, wakaimba, wakapigiwa makofi, wakarudi kuzungumza. Saul alitaka vingine, kama alivyosikia kwenye ile opera: mama na mwanawe anayetaka kuondoka nyumbani wanagombana, na maneno yenyewe yanapanda taratibu mpaka yanakuwa wimbo, bila mtu kujua ulipoanzia. Verdelle alisoma zile noti juu ya meza ya kupigia pasi. Shati la mteja likaungua. Hakujali.

Haggerty, mwenye kugharimia mchezo, hakupendezwa. "Watu wanalipa wacheke, Brodkin. Ugomvi wanao bure nyumbani. Tukiujaribu Philadelphia wakakohoa tu, naukata wimbo huo."

Usiku wa majaribio Philadelphia, Verdelle, aliyepewa nafasi ya mama, alianza kwa kusema tu, "Kaa chini, mwanangu." Ala zikamnyemelea. Sauti ikapanda, ya mwana ikaivamia, zikashikana kama watu waliokamatana mashati. Wimbo haukuisha, uliyeyukia kwenye maneno yaliyofuata. Ukumbi kimya. Halikusikika hata kofi moja.

"Si nilisema?" Haggerty alinong'ona nyuma ya pazia, uso umempauka.

Verdelle, aliyetoka tu jukwaani, jasho likimtiririka, akamvuta mkono hadi kwenye upenyo wa pazia. "Tazama kwanza, bwana. Nani anakohoa?"

Hakuna aliyejitikisa. Bwana mmoja wa safu ya mbele alikuwa amebana kofia yake kifuani, kinywa wazi. Haggerty akatazama muda mrefu, kisha akasema, "Uacheni ulivyo."

Makofi yalikuja mwisho wa mchezo, na hayakutaka kukoma.

Asubuhi, ndani ya treni ya kurudi New York, wanawake wawili waliokaa mbele ya Verdelle walikuwa wakibishana vikali.

"Kijana ana haki ya kuondoka."

"Haki gani? Na mama aliyemlea?"

Wala hawakutaja wimbo. Verdelle alisikiliza mpaka uzalendo ukamshinda. Akainama mbele.

"Samahanini, mama zangu," alisema. "Yule mama ndiye mwenye haki."