Saluni Iliyohamia Barabarani

Godelieve Staelens alikuwa na saluni ndogo mjini Aalst, na ulimi mkali kuliko mikasi yake. Mwaka wa tisini na sita, mtu mmoja alipoteka wasichana kadhaa, Ubelgiji nzima ikashika tama, naye alibandika picha zao kwenye kioo cha mlango kama wenye maduka wote. Binti yake Annelore, mwenye miaka tisa, alizipita kila alipokwenda shule. Baiskeli zikafungiwa stoo. Watoto wa kizazi kile walijua kukariri namba za magari kabla ya kujua kuogelea, na michezo yao ikahamia kwenye zulia, mapazia yameshushwa.

Kiangazi kilichofuata uvumilivu ulimwishia Godelieve.

"Yule mshenzi yuko jela, na watoto wetu nao wako jela. Wao wamekosa nini?" aliwauliza wateja wake.

Basi Godelieve akaburuta viti vya saluni hadi nje, akatangaza kwamba anayetaka kutengenezwa nywele atakaa hapo na kulinda barabara.

Walimcheka, kisha wakaja. Wanawake na heshima zao, rola kichwani, taulo mabegani, wakajipanga kando ya barabara macho yakizunguka huku na huko. Dereva mmoja mgeni aliyesimama kuuliza njia aliulizwa yeye, mpaka akamtaja mama mkwe wake. Watoto wakaanza kutoka, mmoja mmoja, kisha wote.

Wote isipokuwa Annelore. Huyo aliendesha baiskeli toka mlango wa saluni hadi mlango wa jirani, basi.

"We Godelieve, wetu umewatoa, wako umemgandisha kwa gundi?" alichokoza Bi Yvonne, mke wa mwoka mikate, akiwa kitini.

"Wangu ni mmoja."

"Kwani wangu nimewaokota?"

Kicheko kikalipuka. Godelieve hakucheka. Maneno yalimwingia, na aibu ikamchoma, maana ni yeye aliyewatoa watoto wa wenzake nje.

"Mama, nizunguke mtaa? Mara moja tu."

"Haya, nenda."

Annelore akakata kona, akapotea. Godelieve akashika mkasi akaendelea kumkata Bi Yvonne nywele, maana angesimama angekimbia kumfuata. Aliomba kimoyomoyo, yeye ambaye kanisani alionekana Krismasi tu.

Kengele ya baiskeli ikalia upande wa pili wa mtaa. Annelore akatokea, uso mwekundu, nywele zimetimka, akavipita viti bila kupunguza mwendo, akakata kona tena. Hakumtazama hata mama yake.

"Mmemwona?" Godelieve alipaza sauti, machozi yakimtiririka. "Huyo wangu! Huyo ni wangu!"

Bi Yvonne akachukua kioo. Nywele zake za kwenye paji zilikuwa zimekwenda mshazari, upande mmoja karibu zimekwisha kabisa.

"Tumemwona, shoga," akasema. "Na Jumapili naenda nazo kanisani hivihivi. Atakayeuliza nitamwambia, hizi zilikatwa siku Annelore alipozunguka mtaa peke yake."